Kuendesha kikundi cha kubadili mwenendo kwa vijana waliotoka jela: mwongozo kwa anayeanza

Simu zinazonijia hufanana. Mpigaji amemaliza chuo cha ustawi wa jamii na amekabidhiwa vijana kumi na wawili wenye kifungo cha nje. Au ni ustadhi, au mchungaji, anayeingia gerezani kila wiki na anaona nyuso zile zile zikirudi. Au ni mama tu, mwanawe katoka gereza la Segerea, Dar es Salaam, mwezi uliopita na wenzake wa zamani wameanza kumpitia jioni. Swali huwa moja: "Nikikaa nao, niwaambie nini?"

Huna cha kuwaambia ambacho hawajaambiwa. Kwamba wizi ni mbaya wamelisikia kwa mama, kwa mwalimu, kwa hakimu, kwa askari na kwenye mimbari, na wanalijua. Tatizo liko kwenye zile sekunde chache kati ya kuudhiwa na kurusha ngumi, au kati ya kuiona simu mezani na kuinyakua. Zinapita bila wao kuziona. Kazi yako ni kuwasaidia waanze kuziona, halafu wafanye mazoezi ya kuzitumia mpaka wazoee. Wataalamu huiita tiba ya fikra na tabia, na unaweza kuiendesha hata kama hukusomea saikolojia, mradi ufuate utaratibu na ujue pa kuishia.

Nadharia utakayohitaji ni fupi. Mwaka 1974 Mmarekani Robert Martinson alichapisha makala iliyopitia tafiti nyingi za kurekebisha wafungwa, na watu wakaisoma kana kwamba imesema hakuna kinachosaidia. Mwaka 1979 alijirekebisha mwenyewe kwa maandishi, lakini maneno ya kwanza yalikuwa yameshasambaa. Waliojibu vizuri zaidi walikuwa watafiti wa Kanada, hasa Donald Andrews na James Bonta, ambao mwaka 1990, pamoja na wenzao, waliligawa swali mara tatu: tumhudumie nani, tuguse nini katika maisha yake, na tufundishe kwa njia gani. Ukikosea moja kati ya hayo, unaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kumsaidia mtu. Hatua zilizo hapa chini zimejengwa juu ya maswali hayo matatu.

Andaa haya kabla ya siku ya kwanza

- Ruhusa ya maandishi. Kama ni ndani ya gereza, barua kwa mkuu wa gereza, na uwe na subira. Kama ni nje, zungumza na afisa uangalizi (Kenya ni afisa wa probesheni) na umjulishe mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Usimruke mwenyekiti: vijana wako wakionekana wamekusanyika mahali bila yeye kujua, polisi wataitwa.
- Mwezeshaji wa pili. Usiendeshe peke yako. Bora mmoja wenu awe amepitia maisha hayo na akatoka kweli, siyo aliyetoka juzi.
- Washiriki 10 hadi 12. Wakizidi hapo, nusu yao watageuka watazamaji.
- Chumba chenye mlango unaofungwa. Kisiwe kituo cha polisi, wala jengo ambalo kijana wa dini nyingine atasita kuingia.
- Daftari na kalamu kwa kila mmoja, bango kitita au ubao, kadi ngumu, na ndimu sita. Ndimu nitazieleza.
- Chai na kitafunwa, na nauli ya kurudi. Aliyeamka na njaa hawezi kuchunguza mawazo yake.
- Namba za watu utakaowapelekea yaliyokuzidi: daktari wa afya ya akili, kliniki ya methadoni (dawa wanayopewa wanaotaka kuacha unga, yaani heroini), afisa ustawi wa jamii, wakili wa msaada wa kisheria.
- Muda. Panga asubuhi tatu kwa wiki, kila kikao kiwe cha urefu wa saa tatu, kwa wiki 8 hadi 10. Siku nyingine waachie wakatafute vibarua. Semina ya siku mbili yenye fulana na chakula cha mchana haibadilishi mwenendo wa mtu, na nakuomba usiifanye kwa kisingizio kwamba ni bora kuliko kukaa bure.

Hatua ya 1: Chagua walio katika hatari kubwa ya kurudia

Anayeanza huchagua vijana wapole, wanaosalimia na kuja kwa wakati. Hao wengi wangeacha wenyewe. Mbaya zaidi, ukimchanganya kijana wa kosa la kwanza na wazoefu, unampa marafiki wapya ambao hakuwa nao. Tafiti za Kanada zimeonyesha hilo waziwazi: huduma nzito kwa mtu wa hatari ndogo inaweza kumharibu.

Soma faili lake, kisha kaa naye, ukichunguza mambo manane: historia ya makosa, tabia ya pupa na kukosa subira, fikra zinazohalalisha uhalifu, marafiki, familia, shule au kazi, ulevi na dawa za kulevya, na namna anavyotumia muda wake wa bure. Manne ya kwanza yana uzito zaidi. Historia huwezi kuigeuza, hivyo kazi yako iko kwenye saba zilizobaki. Mpe kila moja alama: haina shida, ina shida kiasi, au ina shida kubwa. Mwenye shida kubwa nne au zaidi ndiye wako.

Angalia pia kisichokuwamo. Kujithamini hakumo. Ukimwongezea kujiamini mtu ambaye bado anaona kuiba ni haki yake, unapata mwizi anayejiamini.

Onyo: waliopatikana na makosa ya kingono, na wanaopiga wake zao, usiwaweke humu. Kazi yao inahitaji utaratibu wake na mtu aliyefundishwa, na usalama wa waliodhurika huja kwanza.

Hatua ya 2: Ongea na kila mmoja peke yake kabla ya kikundi

Dakika 40 zinatosha. Usianze na kosa alilofanya. Anza na maisha yake ya sasa: analala wapi, anakula kwa nani, anaogopa nini. Halafu mpe swali la namba, hivi (maskani ni kijiwe anachokaa na wenzake):

Wewe: Kutoka sifuri hadi kumi, unataka kwa kiasi gani kuachana na mambo ya maskani?
Yeye: Tatu.
Wewe: Kwa nini tatu, isiwe sifuri?
Yeye: Kuna mtoto, kaka. Januari anaanza shule.
Wewe: Mtoto anaanza shule.
Yeye: Sitaki wenzake wamwambie baba yake teja.

Ungemuuliza "kwa nini isiwe nane?" angeanza kujitetea, na angetoka chumbani akiwa amejishawishi kubaki alivyo. Ukimuuliza kwa nini siyo sifuri, yeye mwenyewe anatoa sababu za kubadilika, na sababu aliyoitoa kwa kinywa chake ataishika kuliko yako. Njia hii ilianza kwa wanywaji wa pombe. Mwanasaikolojia William Miller aliiandika mwaka 1983, kisha akaikuza na Stephen Rollnick. Ina mengi, lakini kwa kuanzia shika mawili: rudia alichosema kwa maneno machache ili ajue umesikia, na ukijikuta unabishana naye, nyamaza.

Andika sababu yake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, kwa maneno yake. Itarudi katika hatua ya 8.

Hapa pia ndipo mahali pa kueleza mipaka ya siri. Mwambie: "Tunayosema hapa yanabaki hapa, isipokuwa ukiniambia unataka kumdhuru mtu, unataka kujidhuru, au kuna mtoto anaumizwa." Mwambie pia asikutajie majina, tarehe wala mahali pa makosa ambayo hayajafika mahakamani. Mlinde na mdomo wake mwenyewe.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, ndimu kwenye ngumi

Waweke kwenye duara. Sheria watunge wao, wewe andika tu ubaoni. Watatunga kali kuliko zako. Chukua tano, waziweke sahihi au dole gumba.

Kisha wagawe wawili wawili. Mmoja mpe ndimu aifumbate. Mwambie mwenzake: "Una sekunde 30, itoe." Piga marufuku kucha na meno, na mwenye mkono mbovu awe mtunza saa. Utaona mieleka, vidole vikipindwa, kicheko. Badilisha zamu, rudia. Wakikaa, uliza: nani alimwomba mwenzake ampe?

Chumba hunyamaza. Muulize aliyekuwa na ndimu: "Angekuomba, ungempa?" Karibu kila mara jibu ni kwamba angempa, ndimu ya nini? Zoezi hili linatumika Chicago katika programu ya vijana iitwayo Becoming a Man, wao wakitumia mpira. Watafiti waliofuatilia programu hiyo walikuta kukamatwa kwa vijana kwa makosa ya aina zote kumepungua kwa asilimia 28 hadi 35 katika kipindi cha programu, na kukamatwa kwa makosa ya vurugu kwa asilimia 45 hadi 50. Baada ya programu kuisha nafuu hiyo kwenye kukamatwa ilififia, na ndiyo maana nitasisitiza ufuatiliaji.

Usilifafanue sana zoezi. Waulize tu: wapi kwingine kwenye maisha yako ulipindana na mtu kwa kitu ambacho ungeomba ukapewa? Waache waongee wenyewe mpaka muda uishe.

Hatua ya 4: Mnyororo

Hiki ndicho kiini cha kazi, kitengee wiki mbili nzima. Chora ubaoni visanduku vitano: kilichotokea, nilichowaza, mwili wangu ulivyohisi, nilichofanya, kilichofuata. Anza na tukio dogo la wiki hii, siyo kosa lililomfunga. Ugomvi na konda unatosha.

Nikupe mfano wa kijana mmoja, na nimebadilisha mambo ya kumtambulisha. Alienda saiti kutafuta kibarua cha kubeba zege. Msimamizi akamwangalia akasema, "Wewe si yule wa juzi wa mambo ya jela? Hapa kuna vifaa vya watu." Akaondoka. Saa mbili baadaye alikuwa maskani, usiku ule akaenda "kazini" na wenzake.

Alipoulizwa aliwaza nini, alisema, "Sikuwaza kitu. Nilikasirika tu." Wote husema hivyo. Usikubali, lakini usimkabe. Mrudishe pale: ulikuwa umesimama wapi? Jua lilikuwa wapi? Msimamizi kavaa nini? Alipomaliza kusema "vifaa vya watu" ukafanya nini na mikono? Polepole wazo litajitokeza. Lake lilikuwa: "Wote wananiona mwizi. Basi acha niwe mwizi." Mwilini: masikio ya moto, koo limekauka.

Sasa lifanyieni kazi wazo hilo, siyo yeye. Kikundi kiulize maswali matatu:

1. "Wote" ni nani na nani? Taja. (Akataja msimamizi, jirani mmoja, na shemeji yake. Watu watatu. Kikundi kikamkumbusha bibi yake anayemwachia funguo za nyumba.)
2. Wazo hili likikaa kichwani mpaka jioni, linakupeleka wapi?
3. Wazo gani lingine lingeweza kukaa hapo, ambalo ni la kweli pia?

Swali la tatu lina mtego. Watakuletea wazo tamu la mahubiri, kama "Mungu atafungua mlango". Siyo baya, lakini halitamshika mtu aliyetukanwa juani. Tafuteni la kweli na la kawaida. Yeye alipata hili: "Huyu mmoja hanitaki. Saiti ziko nyingi, na leo naondoka na heshima yangu." Aliliandika.

Kila mshiriki ajaze mnyororo mmoja kila baada ya siku mbili, kama kazi ya nyumbani. Asiyejua kuandika achore, au amsimulie mwezeshaji wa pili kabla ya kikao. Usirudie nyuma kwenye kosa kubwa lililomfunga mpaka wiki ya nne hivi, wanapokuwa wameshazoea visanduku.

Hatua ya 5: Yataje maneno ya kujitetea

Mwaka 1957 Gresham Sykes na David Matza walionyesha kwamba mkosaji mara nyingi anakubali kabisa kuwa kuiba ni kosa, ila ana maneno anayojiambia ili kosa lake yeye lisihesabike. Waliyagawa makundi matano, na yote matano nimeyasikia kwa Kiswahili:

- "Shetani alinipitia." Siyo mimi niliyetenda.
- "Yule ana hela, simu moja haimuumizi." Hakuna aliyeumia.
- "Alikuwa ananitafuta siku nyingi." Alistahili.
- "Polisi wenyewe wala rushwa." Wanaonihukumu ni wachafu.
- "Ningewaachaje wana?" Nilikuwa mwaminifu kwa wenzangu.

Yaandike ubaoni, kila mmoja achague lake la kawaida. Kisha fanya hivi: mmoja asimame akalitamka kwa nguvu zote, mwingine akae kama yule aliyeibiwa na amjibu. Aliyeibiwa awe mtu wa aina wanayemjua: mama muuza samaki aliyeporwa simu yenye M-Pesa ya mtaji, na kesho yake hakwenda soko la samaki la Feri. Sijaona njia nyingine inayofanya kazi haraka hivi. Kwa lile la polisi, usibishe kwamba polisi wote ni wema. Ukibisha, wamekupoteza. Uliza tu: hilo likiwa kweli, mama wa samaki amekosa nini?

Hatua ya 6: Maigizo, halafu mtoke nje

Kuanzia wiki ya nne, theluthi mbili za kila kikao ziwe mazoezi. Igizeni mambo yatakayowakuta kweli: rafiki wa zamani anakupitia na bodaboda, askari anakusimamisha na unajua huna kosa, baba mkwe anakukejeli mezani, mwajiri anauliza "miaka hii miwili ulikuwa wapi?" Onyesha wewe kwanza, kisha yeye ajaribu, wenzake waseme alichofanya vizuri kabla ya alichokosea, ajaribu tena. Mara tatu kwa kila igizo. Ikipungua hapo atakuwa ameelewa tu, bila kuzoea.

Rafiki akija, "Dogo, twende zetu," jibu refu humtia mtu matatani, maana kila sababu itajibiwa. Wafundishe sentensi fupi na miguu inayotembea: "Leo siendi, kaka, tutaonana," huku ameshapiga hatua.

Kisha watoke. Huko Monrovia, Liberia, shirika la NEPI liliendesha tiba ya namna hii kwa wanaume wa mitaani, wizi na vurugu ndiyo maisha yao, na wawezeshaji wengi wakiwa watu waliopitia maisha hayo hayo. Washiriki walikata nywele, wakavaa nguo safi, wakatumwa kuingia benki na madukani, mahali ambapo walikuwa na hakika watafukuzwa. Walipoona wamehudumiwa kama watu wengine, wazo la "wote wananiona mhalifu" lilipata ushahidi wa kulipinga. Kwetu, mtume akaingie ofisi ya serikali ya mtaa aseme, "Shikamoo mzee, naishi kwa bibi fulani, nimekuja kujitambulisha." Mwezeshaji amsindikize mara ya kwanza, abaki mlangoni. Akirudi, ajaze mnyororo wa tukio hilo zuri.

Hatua ya 7: Hasira na arosto (mwili unapodai dawa za kulevya)

Fundisha kwamba tamaa na hasira ni wimbi: hupanda, hufika juu, hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, hata kama hukufanya kitu. Wengi hawajawahi kukaa mpaka lishuke, kwa hiyo hawajui kwamba hushuka. Zoezi: kaeni kimya, kila mmoja akumbuke tukio la kumkera kiasi (siyo kubwa kuliko yote), ataje linakaa wapi mwilini, apumue polepole akilitazama, na kila baada ya dakika atoe namba, kutoka kumi kushuka.

Kwa anayetumia unga, hili peke yake halitoshi, na usimdanganye. Mpeleke kliniki ya methadoni. Muhimbili ilianza huduma hiyo mwaka 2011 na sasa iko mikoa kadhaa. Aendelee na kikundi huku anapata dozi. Kumfukuza kwa sababu "bado anatumia" ni sawa na kumfukuza mgonjwa hospitali kwa kuwa ana homa.

Hatua ya 8: Kadi ya hatari

Wiki ya sita, kila mmoja atengeneze kadi ya kukaa mfukoni. Upande mmoja: watu watatu, mahali patatu na nyakati tatu zinazomponza. Asiandike "marafiki wabaya". Aandike Ijumaa jioni baada ya kulipwa, nyuma ya kibanda cha chipsi, fulani akiwa na hela. Upande wa pili: sentensi yake fupi, namba za watu wawili atakaowapigia, mahali atakapokwenda badala yake, na ile sababu ya ukurasa wa kwanza wa daftari.

Ijaribuni kadi kwa igizo. Namba zipigwe palepale kuhakikisha zinapatikana na mwenye namba amekubali.

Hatua ya 9: Nyumbani na riziki

Usimwachie kijana fikra mpya na tumbo tupu. Utafiti wa Liberia ulihusisha wanaume 999. Baadhi walipata tiba ya wiki 8, baadhi dola 200, baadhi vyote viwili, baadhi hawakupata kitu. Fedha peke yake haikuacha alama ya kudumu. Tiba peke yake ilisaidia, kisha nguvu yake ikapungua. Waliopata tiba na fedha, watafiti waliporudi baada ya miaka 10, wizi na mienendo ya aina hiyo ilikuwa chini kwa karibu nusu kuliko kwa wasiopata chochote.

Huenda huna dola 200 za kila mtu. Fanya unayoyaweza. Msaidie apate namba ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA, maana bila hiyo hata laini ya simu hasajili. Waandikishe kikundi ili waombe mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya vijana. Mtafutie fundi mmoja anayekubali kumpokea akijua ukweli wote. Kenya, mweleze mapema juu ya cheti cha polisi cha tabia njema, asije akavunjika moyo mlangoni pa mwajiri.

Kwa familia, fanya ziara moja kabla ya wiki ya tano. Msalimie mkubwa wa nyumba, keti, kunywa ulichopewa. Omba jambo moja tu: kwamba kwa miezi mitatu kosa la zamani lisitajwe kila kitu kinapopotea ndani. Ni ombi gumu kwa mama ambaye mwanawe aliuza televisheni yake. Mpe nafasi aseme machungu yake yote kwanza.

Hatua ya 10: Fuatilia mwaka mzima

Kikao kimoja kwa mwezi, simu moja kwa wiki. Daftari lako liwe na mambo manne: bado anakuja? amekamatwa? anafanya kazi? anakaa na nani? Hizo ndizo hesabu zitakazokuambia kama unasaidia, kuliko shuhuda za siku ya kufunga.

Makosa yanayoharibu kikundi

Kutisha. Kuna wanaopeleka watoto watukutu gerezani wakafokewe na wafungwa ili waogope. Gereza la Rahway, New Jersey, lilifanya hivyo miaka ya 1970 na likasifika dunia nzima. Majaribio yaliyolinganisha vijana waliopelekwa na wasiopelekwa yalionyesha waliopelekwa walifanya makosa zaidi. Mkuu wa shule akikuomba umpangie ziara ya aina hiyo, mkatalie kwa adabu.

Kuhubiri. Dini ya kijana ni nguvu yake, itumie akiileta mwenyewe. Lakini ukiona umeongea dakika tano mfululizo, umeacha kuendesha kikundi.

Kuchimba majeraha. Wengi walipigwa, walibakwa, walilala mitaani wakiwa wadogo. Akianza kusimulia, msikilize, mshukuru, usimchimbe mbele ya wenzake, na baada ya kikao mpeleke kwa mtaalamu. Mimi nilikosea hapa mwanzoni, nikadhani machozi ni maendeleo. Kijana yule hakurudi tena, na mpaka leo namkumbuka.

Kuahidi. Usiseme "nitaongea na hakimu" wala "kazi ipo". Wameahidiwa sana.

Mambo yakikwama

*Anakaa kimya wiki nzima.* Mpe kazi ya mikono: kugawa daftari, kutunza saa. Muulize faraghani kama kuna mtu chumbani anayemwogopa. Nyampara wake wa zamani anaweza kuwa ameketi mbele yake.

*Anakuja amelewa.* Asiingie siku hiyo. Mwezeshaji wa pili amsindikize kwa upole mpaka barabarani na kumwambia kikao kijacho ni lini. Kikao kijacho aanze yeye, na mnyororo wa siku ile.

*Vikao vinageuka mashindano ya kusimulia ujambazi.* Katiza mapema. Sema: "Simama hapo. Sekunde moja kabla hujaruka ukuta, uliwaza nini?" Sifa hupoa haraka mtu akirudishwa kwenye visanduku.

*Mmoja anatawala mazungumzo.* Mpe jukumu la kuhakikisha kila mtu ameongea. Ana uongozi tayari, umtumie.

*Wanapungua.* Angalia nauli na saa kabla ya kulaumu nia. Kisha wafuate walipo, kama walivyofanya wawezeshaji wa Monrovia siku ambazo hakukuwa na kikao.

*Anakuambia anakwenda kulipiza kisasi.* Usimwache aondoke peke yake. Kaa naye mpaka wimbi lishuke, mwite mtu aliye kwenye kadi yake, na kama bado amekaza nia, fanya ulichomwambia katika hatua ya 2 kuhusu mipaka ya siri. Mwambie usoni kwamba unakwenda kutoa taarifa.

*Amekamatwa tena.* Itatokea, hata kwa yule uliyemtegemea. Usimwondoe kwenye orodha. Nenda mahabusu siku ya kuona ndugu, mpelekee sabuni, na kama askari wataruhusu, daftari lake. Usimuulize kwa nini amekuangusha. Chora visanduku vitano, mpe kalamu, muulize kilichotokea kwanza.